Kusomea usingizi na ndoto chuo kikuu: anza na swali, kisha msimamizi

Fungua mwongozo wa udahili wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania), au pitia orodha ya KUCCPS, wanaopanga wanafunzi vyuoni Kenya, utafute shahada ya usingizi au shahada ya ndoto. Usishangae ukiikosa. Karibu kila anayetajwa katika fani hii aliingilia mlango wa fani nyingine. Eugene Aserinsky, aliyegundua kipindi cha usingizi ambamo macho huchezacheza (REM), alikuwa mwanafunzi wa fiziolojia Chuo Kikuu cha Chicago chini ya Nathaniel Kleitman. Matokeo yao yalichapwa mwaka 1953. Mark Solms wa Chuo Kikuu cha Cape Town aliifikia ndoto kupitia wagonjwa walioumia ubongo. David Samson wa Toronto ni mwanaanthropolojia. Kwa hiyo usianze kwa kuuliza "kozi ipi". Anza na "nataka kupima nini, na nani anaweza kunisimamia". Jina la shahada litajipanga lenyewe baada ya hapo.

Usingizi na ndoto hutajwa kwa pumzi moja, ila mahitaji yake kimasomo ni tofauti. Usingizi unapimika kwa vifaa: mawimbi ya ubongo, pumzi, mapigo ya moyo, mjongeo wa mkono. Ndoto haina kifaa. Unachokipata ni masimulizi ya mtu aliyekwisha kuamka, na mbinu zote za utafiti wa ndoto ni juhudi za kuhakikisha masimulizi hayo hayajaharibiwa na kusahau, aibu, au swali lako mwenyewe. Mwanafunzi asiyetofautisha mambo haya mawili huandika pendekezo la utafiti lisilo na msimamizi: daktari anaona ni saikolojia, mwanasaikolojia anaona ni udaktari.

Milango iliyopo

Udaktari ndio mlango mrefu kuliko yote. Tanzania ni miaka 5 ya MD (shahada ya kwanza ya udaktari), mwaka wa mafunzo kazini, kisha MMed (uzamili wa ubingwa) ya miaka 3 au zaidi katika tiba ya ndani, magonjwa ya akili, watoto, au masikio, pua na koo. Ubingwa wa usingizi wenyewe huja juu ya hapo. Marekani, kwa mfano, ni mwaka mmoja baada ya ubingwa wa kwanza. Mlango huu unamfaa anayetaka kutibu watu wanaokoroma na kukatika pumzi usingizini, wenye kifafa cha usiku, au watoto wa selimundu ambao oksijeni yao hushuka wakilala. Hapo Muhimbili ina hazina kubwa: kundi la wagonjwa wa selimundu waliofuatiliwa tangu 2004.

Saikolojia ndiyo njia ya kawaida kwa anayetaka ndoto, jinamizi, au tiba ya kukosa usingizi isiyotumia dawa. Ukiingia humo, usikwepe takwimu. Kozi mbili za takwimu na moja ya mbinu za utafiti zitakusaidia kuliko kozi tano zenye majina ya kuvutia.

Mlango wa tatu ni fiziolojia, uhandisi wa vifaa tiba au sayansi ya kompyuta. Wanafunzi wengi hawaufikirii, nao ndio wenye upungufu mkubwa wa watu: kila maabara ya usingizi duniani inamhitaji anayeweza kuandika programu ya kuchambua mawimbi ya usiku mzima.

Na kuna anthropolojia, dini na historia. Hapa Afrika Mashariki ina vitu ambavyo wengine husafiri kuvifuata. Mwaka 2017 timu ya Samson ilichapa matokeo ya Wahadza 33 wa kaskazini mwa Tanzania waliovishwa vipima mjongeo mkononi kwa siku 20. Katika muda wote huo, dakika ambazo watu wazima wote walikuwa wamelala kwa pamoja zilikuwa 18 tu. Karibu daima kulikuwa na mtu macho, bila zamu iliyopangwa. Mwaka 2023 timu hiyohiyo ililinganisha ndoto za Wahadza na za BaYaka wa bonde la Kongo na za watu wa nchi za Magharibi. Pwani nako kuna taharuki ya popobawa, pepo anayesemekana kuwavamia watu usiku, iliyotikisa Pemba na Unguja mwaka 1995. Dalili zilizosimuliwa, yaani kulemewa kifuani, kushindwa kutikisika, na kuhisi kuna kiumbe chumbani, zinafanana mno na kile madaktari wanachokiita kupooza usingizini. Ongeza elimu ya tafsiri ya ndoto iliyokuja na Uislamu; mpaka leo watu huwapelekea masheikh ndoto zao. Mwanafunzi anayejua Kiswahili cha barazani anapata hapa kile ambacho mgeni atakipata nusu kupitia mkalimani.

Tasnifu ya shahada ya kwanza bila maabara

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa kudhani hakuna utafiti wa usingizi bila chumba chenye mashine. Zipo njia tatu zinazowezekana kwa muhula mmoja au miwili.

Ya kwanza ni dodoso. Yanayotumika zaidi ni PSQI (1989), dodoso la ubora wa usingizi, lenye maswali 19 ya kujibiwa na mhusika, alama 0 hadi 21, na zaidi ya 5 kuashiria usingizi mbovu. Na Epworth (1991), hali 8 za kupima usinziaji wa mchana, alama 0 hadi 24, zaidi ya 10 kikiwa kiwango cha kutilia shaka. Yote mawili yana wenyewe. PSQI huombewa ruhusa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Epworth huombewa kupitia Mapi Research Trust. Uliza kwanza kama toleo la Kiswahili lipo kabla hujakaa kutafsiri.

Ukilazimika kutafsiri, watu wawili watafsiri kila mmoja kivyake, mkae muunganishe, kisha mtu wa tatu ambaye hajaliona dodoso la asili alirudishe Kiingereza. Halafu kaa na watu 5 hadi 10 wa aina utakayoitafiti, kila mmoja akueleze kwa sauti anaelewa nini katika kila swali. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayorukwa, na ndiyo inayofichua makosa. Mifano:

Saa. PSQI huuliza umelala saa ngapi, mjibu anaandika "4". Ni saa nne usiku, au ni saa kumi alfajiri aliyoisoma kwenye simu kama 4:00? Hakuna programu ya takwimu itakayokuambia. Weka visanduku vya jioni, usiku, alfajiri na asubuhi kando ya nafasi ya saa, andika "saa za Kiswahili" juu yake, na kubadilisha kuwa 22:00 iwe kazi yako wewe wakati wa kuingiza data. Kisha kokotoa ufanisi wa usingizi, yaani saa alizolala gawanya kwa saa alizokaa kitandani. Ukiona mtu amevuka asilimia 100, rudi kwenye karatasi yake, kwani mara nyingi saa imepinduliwa.

Mwezi. "Mwezi uliopita" watu wengi huelewa ni mwezi wa kalenda uliokwisha. Andika "siku 30 zilizopita hadi leo".

Gari. Swali moja la Epworth linauliza kuhusu kusinzia ndani ya gari lililosimama kidogo kwenye foleni. Abiria wa daladala aliyesimama ameshika bomba hana jibu la maana hapo. Mwelekeze ajibu kwa kukisia kama angekuwa ameketi, na uwaambie wote hivyohivyo, siyo baadhi.

Angalia kalenda pia. Ukikusanya data nusu kabla ya Ramadhani na nusu ndani yake, umechanganya makundi mawili, maana daku na tarawehe husogeza usiku mzima. Wiki ya mitihani nayo ni hivyohivyo.

Mada zinazofaa dodoso ni nyingi: wauguzi wa zamu ya usiku, madereva wa mabasi ya mikoani, bodaboda, wanafunzi wa bweni wanaoamshwa saa kumi na moja alfajiri, joto na chandarua. Chagua kundi unaloweza kulifikia bila kupitia vibali vya taasisi nne.

Kukusanya ndoto

Njia ya pili ni masimulizi ya ndoto, na nitakaa hapa kidogo kwa kuwa Kiswahili kina mambo yake.

Mfumo wa kuhesabu maudhui ya ndoto unaotumika zaidi ni wa Calvin Hall na Robert Van de Castle (1966). Unahesabu wahusika, mikwaruzano, urafiki, mikosi, hisia na mengineyo, kisha unalinganisha na kiwango kilichotokana na ndoto 1,000 za wanafunzi wa Marekani, 500 za wanaume na 500 za wanawake. Maelezo yake na majedwali ya kukokotoa yanapatikana bure kwenye tovuti iliyoandaliwa na G. William Domhoff na Adam Schneider wa Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, pamoja na hifadhi ya DreamBank yenye ndoto zaidi ya 20,000. Ukiwa huna hata shilingi ya kukusanyia data, hifadhi hiyo pekee inatosha kwa tasnifu.

Ukikusanya mwenyewe, omba "ndoto ya mwisho unayoikumbuka", siyo "ndoto unayoikumbuka vizuri". Ukiomba ya pili utaletewa ndoto za ajabu tupu, misiba na nyoka, na utahitimisha kwamba Watanzania huota misiba na nyoka. Muulize pia ameiota lini, na uache nje zile za miaka iliyopita. Lenga ndoto 100 hadi 125 kwa kila kundi unalolinganisha. Chini ya hapo asilimia zinayumba mno.

Kwa kawaida masimulizi yenye maneno chini ya 50 huachwa. Kigezo hicho kiliwekwa kwa Kiingereza. "Nilimwona akinikimbilia" ni maneno mawili tu, Kiingereza kingetumia sita. Ukikitumia kilivyo utatupa ndoto nzuri nyingi. Kipunguze, eleza kwenye sura ya mbinu kwa nini umekipunguza, na uonyeshe matokeo yanabadilika kiasi gani kwa vigezo vyote viwili.

Tatizo kubwa zaidi ni jinsia ya wahusika. Moja ya vipimo muhimu vya mfumo huo ni uwiano wa wanaume na wanawake ndotoni, nacho Kiswahili hakikwambii: "alikuja mtu, akanishika mkono" ni nani huyo? Usimkatize anaposimulia. Mwache amalize, kisha pitia wahusika mmojammoja: alikuwa mwanamume, mwanamke, au hukumjua? Majibu hayo yaandike sehemu tofauti na masimulizi, ili msomaji ajue kipi kilisemwa bila kuulizwa.

Anayeweka daftari la ndoto nyumbani aelekezwe hivi: akizinduka asitikisike wala kushika simu kusoma ujumbe, akumbuke kwanza kimyakimya akiwa amefumba macho, kisha arekodi kwa sauti. Swali la kumwamshia mtu ni "nini kilikuwa kinapita akilini mwako kabla hujaamka?" Ukiuliza "uliota nini?" unamlazimisha awe ameota. Weka pia nafasi ya jibu la tatu, "najua niliota lakini sikumbuki chochote". Hilo ni jibu halali na watafiti hulihesabu peke yake.

Hatimaye wape watu wawili ndoto zilezile wazihesabu bila kushauriana, angalau robo ya zote, na uripoti wamekubaliana kwa kiasi gani. Kama wanatofautiana sana kwenye hisia, na ndipo wanapotofautiana siku zote, maelekezo yako hayajakaa sawa. Rekebisha kabla ya kuendelea.

Data za bure za mawimbi ya ubongo

Njia ya tatu inamfaa wa kompyuta na uhandisi. Kwenye PhysioNet, hifadhi ya mtandaoni ya data za mwili, kuna Sleep-EDF, rekodi 197 za usiku mzima, takriban GB 8. Pakua ukiwa kwenye intaneti ya chuo, siyo kwa kifurushi. National Sleep Research Resource ya Marekani ina data kubwa zaidi, bure, ila unajaza makubaliano ya matumizi kwanza. Kwa anayeunganisha mawimbi na ndoto, ipo hifadhi iitwayo DREAM, yenye makao Chuo Kikuu cha Monash. Programu za kuchambulia, MNE-Python na YASA, nazo ni bure.

Makosa matatu hurudiwa kila mwaka. Sleep-EDF ilipangwa kwa sheria za 1968 zenye hatua ya 3 na ya 4 za usingizi. Sheria za sasa za AASM, chama cha tiba ya usingizi cha Marekani, zinaziunganisha kuwa N3 (usingizi mzito), hivyo ziunganishe kabla ya kulinganisha na chochote. Pili, rekodi nyingi zina saa nyingi za mtu akiwa macho mchana. Zikate zibaki dakika 30 kabla na baada ya usingizi, la sivyo programu yako itajisifu kwa kutambua mchana. Tatu, na hili ndilo linaloua tasnifu: gawa data za kufundishia na za kujaribia kwa mtu, usigawe kwa vipande vya sekunde 30. Wengi wao wamerekodiwa usiku mbili. Ukiuweka usiku mmoja kufundishia na wa pili kujaribia, programu imeshamjua mtu huyo na asilimia zako ni hewa.

Ukipata maabara

Uwekaji wa elektrodi (vipande vinavyonasa umeme wa mwili) kwa usiku mmoja huchukua kama saa nzima: zile za sehemu za kichwa ziitwazo F4, C4 na O2 zikilinganishwa na M1 nyuma ya sikio, mbili za macho, za kidevu, pamoja na za moyo na pumzi. Ukinzani wa umeme kwenye elektrodi za kichwa uwe chini ya kilo-ohm 5. Vitabu vingi havisemi lolote kuhusu nywele zilizosukwa. Rasta au wivingi haziiachii elektrodi nafasi ya kugusa ngozi ya kichwa, na maabara zisizojua la kufanya humwacha mshiriki nje, jambo linalopotosha sampuli. Mwambie mshiriki mapema, wiki moja kabla, afumue au asuke mistari inayoacha wazi njia za elektrodi. Watafiti wa Carnegie Mellon, wakiongozwa na Arnelle Etienne, walionyesha mwaka 2020 kuwa mistari ya namna hiyo hufanya kazi vizuri.

Jihadhari na jasho. Chumba cha Dar es Salaam kikikatika umeme, jasho huleta mawimbi mapana ya polepole yanayofanana na usingizi mzito, na programu itayahesabu kuwa N3. Ukiona N3 imejaa alfajiri, wakati ambapo kwa kawaida REM ndiyo hutawala, angalia kwanza kipoza hewa kilizimika saa ngapi. Nao umeme wa hertz 50 huingia kupitia elektrodi iliyolegea. Rudishia elektrodi yenyewe kabla ya kukimbilia kichujio.

Vibali

Anza na kamati ya maadili ya chuo chako. Tanzania, utafiti wa afya unaweza kuhitaji pia kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, Zanzibar ni ZAHRI; Kenya kuna leseni ya NACOSTI, Uganda ni UNCST, mabaraza ya sayansi ya nchi hizo. Hesabu miezi, si wiki. Kamati itauliza mambo mawili usiyoyatarajia: mshiriki akisimulia ndoto inayofichua ukatili aliofanyiwa, utampeleka wapi? Na majina yaliyomo ndotoni, utayafichaje? Andika jina la kliniki iliyokubali kumpokea, na eleza kuwa majina yote yatabadilishwa kuwa "kaka", "jirani", "mwalimu" siku hiyohiyo ya kunukuu sauti.

Uzamili na uzamivu

Oxford wana shahada ya uzamili ya tiba ya usingizi, kwa mtandao, miaka miwili ya muda wa ziada. Inamfaa aliye kazini. Ila Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, haulipii masomo ya mtandaoni wala ya muda wa ziada, hivyo usipoteze msimu wa maombi kwa kuziunganisha hizo mbili. University of Western Australia nao hufundisha sayansi ya usingizi baada ya shahada ya kwanza. Barani kwetu, Wits ya Johannesburg ina kundi la Brain Function Research Group lenye historia ndefu ya utafiti wa usingizi, na Cape Town ina watu wa usingizi na wa ndoto pia, tena imo kwenye mpango wa ufadhili wa masomo wa Mastercard Foundation. Kwa ndoto hasa, majina ya kuanzia kusoma ni Swansea (Mark Blagrove), Montréal (Tore Nielsen), Mannheim (Michael Schredl), Turku na Skövde (Antti Revonsuo), Northwestern (Ken Paller). Kabla ya kuandika, angalia machapisho ya miaka 3 ya mwisho: je, waandishi wanaotajwa wa kwanza ni wanafunzi? Kama sivyo, huenda mtu huyo amestaafu au hapokei mtu. Waandikie wale wanafunzi wa zamani. Wengi sasa wana maabara zao, nao hujibu.

Barua pepe isizidi maneno 200. Sentensi moja wewe ni nani na unasoma wapi. Mbili kuhusu makala yake moja, ukitaja jambo ambalo halikujibiwa humo. Mbili kuhusu ulichokwisha kufanya: dodoso, ndoto 120 zilizohesabiwa, au kiungo cha programu yako. Kisha swali moja linalojibika: "Je, unapokea mwanafunzi wa uzamili mwaka ujao, na ana njia gani ya ufadhili?" Ambatisha wasifu wa kurasa mbili, usiambatishe vyeti. Kimya cha wiki mbili si kukataliwa. Kumbusha mara moja, kisha nenda kwa anayefuata.

Ukiona tangazo la cheti cha "mfasiri wa ndoto aliyeidhinishwa" kwa wiki sita, uliza TCU kama taasisi hiyo inatambuliwa kabla hujatuma ada. Pesa hiyo ni afadhali uiweke kwenye uanachama wa mwanafunzi wa IASD, chama cha kimataifa cha watafiti wa ndoto kilichoanzishwa 1983. Jarida la International Journal of Dream Research linasomwa bure, na hupokea hata tafiti ndogo za wanafunzi zilizofanywa kwa uangalifu.